Taa Iliyolala Kwenye Mchele

Abuu, mtoto wa mwenye nyumba ninakopanga huku Tegeta, wao wakikaa mtaa wa pili, alijikwaa mlangoni kwangu wiki iliyopita. Akashika kidole cha mguu na kurukaruka kama kuku aliyefungwa kamba.

"Anti! Hili dude la nini sasa?"

"Linazuia mlango."

"Na kidole changu je?"

Dude lenyewe ni transfoma, chuma na waya wa shaba ndani ya kasha la mbao, zito kuliko linavyoonekana. Ndilo nililorithi kwa mama. Siku ya kugawana vitu vyake, baada ya arobaini, ndugu walichukua kitanda, sufuria na kanga. Mie nikasema nataka kile kilichokuwa kikizuia mlango wa chumba chake, wakacheka sana. "Chiku bwana, hujatulia nyumba moja maisha yako yote, halafu unachagua mzigo!" Nimehama nalo vyumba kadhaa tangu hapo. Ukisogeza pua kwenye tundu la waya, hata leo linanuka vanishi iliyoungua, harufu tamu yenye ukali, kama sukari iliyosahauliwa jikoni.

Abuu alikuwa amekuja na swali. Akanionyesha picha mbili kwenye simu. "Anti, si ulikaa sana na mafundi wewe? Kompyuta yangu ya gemu nataka kuipandisha. Nimepata kadi mpya ya picha, inakula umeme kama haina akili, pawa saplai ya zamani haiiwezi. Kati ya hizi, ipi ya kuaminika? Hii, jamaa wa dukani anasema ni nzito, nzito ndiyo orijino."

Nikamwambia aniachie nifikiri. Akaondoka akichechemea, nami nikabaki na harufu ile.

Nyumbani kwetu Temeke tulikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na dirisha. Cha ndani hakikuwa nalo, na huko ndiko mama alikoshonea, kwa sababu cha mbele kilikuwa cha wageni na baba hakutaka wageni wakae juu ya vipande vya vitambaa. Kwa hiyo taa ya chumba cha ndani iliwaka mchana kutwa juu ya kichwa cha mama. Cherehani ilikuwa ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika pale mkono wake ulipopita. Nililala usingizi wa mchana kwa mlio wake. Ukinyamaza, naamka.

Baba alitoka Lindi kijana, akaingia kiwanda cha nguo, akamwoa mama, binti wa Kizaramo mwenye ulimi wake. Alikuwa akiondoka na giza na kurudi na giza. Mchana wa nyumba yetu hakuujua. Hata Jumapili alikuwa na timu yake ya mpira na jamaa zake wa kusini. Nasema hili mapema kwa sababu ndilo lililotuponza, na ilinichukua muda mrefu kuliona.

Kulikuwa na jambo moja mama alilifanya kila Idi. Asubuhi, akishafukiza ubani na kunipaka wanja, alipanda kigoda, akaishika taa ya chumba cha ndani kwa pindo la kanga, akaifungua taratibu na kuilaza kwenye droo ya cherehani, kati ya bobini na vifungo. Jioni tulikula kwa kandili. Kesho yake taa ilirudi mahali pake. Mie niliamini ni ibada. Niliihesabu pamoja na kuoga alfajiri na kuvaa gauni jipya. Kuna mwaka nilimwambia mwenzangu wa madrasa kwamba kwao hawaijui dini, maana taa yao ilibaki juu Idi nzima. Tulipigana mpaka mwalimu akatutenganisha kwa kiboko, wala hakuuliza tulichokuwa tunagombania.

Baba naye aliiona taa ile ikishushwa. "Wazaramo na mambo yenu," alisema, akajifunga kilemba na kwenda msikitini. Alidhani ni mizimu. Mama hakumjibu. Walitaniana hivyo miaka yote, na katika utani mtu huwa haulizi swali la kweli.

Kisha milango ya nchi ikafunguliwa. Mitumba ikaingia kwa marobota, kiwanda kikaanza kupunguza watu, na baba akarudi nyumbani mchana mmoja akiwa na kiinua mgongo chake na doti ya kanga aliyopewa kumuaga. Kanga zenyewe za kiwanda kile kile. Mama alizikunja akazitia sandukuni na hakuzivaa mpaka kufa.

Baba hakuweza kukaa. Alizunguka, akauza hiki akaacha, akauza kile akaacha. Nadhani kuzunguka kwangu nimekutoa kwake. Ndipo jirani yetu Mussa, baharia, akarudi safari na kompyuta ya gemu ya Kijapani pamoja na televisheni yake ya rangi. Kompyuta yenyewe ilikuwa ubao wa herufi tu wenye mdomo wa kuingizia gemu, lakini mtaa mzima ulipanga mstari dirishani kwa Mussa kuiona. Mkewe, Bi Mgeni, hakuitaka. Alitaka cherehani.

Mazungumzo yale niliyasikia nikiwa mkekani, nikijifanya nimelala.

"Mama Chiku, cherehani imekufa," baba alisema. "Nenda Karume ukaone mitumba. Nani atakupa kitambaa umshonee?"

"Imekufa na leo imekulisha?"

"Watoto wa sasa hawataki gauni. Wanataka gemu. Tutafungua chumba cha mbele, watajaa."

"Na umeme ukikatika?"

"Si unarudi?"

"Cherehani yangu haiujui umeme, baba Chiku. Inaujua mguu wangu."

Baba akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha kutoa ahadi mahali pengine. Mama akanyamaza. Katika nyumba yetu, mama akinyamaza ilihesabiwa amekubali. Asubuhi alikaa chini akaifuta cherehani vumbi, akaitia mafuta kila tundu, akatoa kipande cha uzi kilichobaki kwenye bobini na kukizungusha kidoleni. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia. Huo ndio msimu wa mshonaji, na mitumba iwepo isiwepo, watu walikuwa tayari wameanza kuleta vitambaa vya Idi. Akavirudisha kimoja kimoja. Kisha vijana wawili wa Mussa wakaja kuibeba, wakatuachia kompyuta na televisheni.

Vitu vya Japani vilikula umeme mdogo, karibu nusu ya wetu. Ukivichomeka ukutani moja kwa moja umevizika. Ilihitajika transfoma ya kuushusha, na baba, ambaye hakuwahi kuchagua kitu cha umeme zaidi ya tochi, akaingia kazi ya kuchagua kama mtu anayeposa. Aliuliza mafundi redio, aliuliza mabaharia, aliuliza hata muuza kahawa. Mie nilimfuata kila mahali. Nilitaka kujua umeme unashukaje, na unaposhuka ile nusu nyingine inakwenda wapi. Hakuna aliyenijibu.

Kariakoo tulipewa moja ya kiwandani, rangi ya kijivu, yenye mshale unaocheza ndani ya kioo. Baba akaipima kwa mkono. "Nyepesi kama mkate wa ajemi," akamwambia mwenye duka.

"Mzee, kwani unakwenda kuila? Ichukue, kajaribu. Ukirudi nayo nzima tunazungumza."

Tuliijaribu baada ya futari. Baba alikuwa ameweka sheria kwamba mchana wa Ramadhani gemu halichezwi, kwa heshima ya mwezi, wala mashine haiwashwi. Kwa hiyo majaribio yote yalifanyika jioni. Mie ndiye niliyeshika kidude cha kuchezea. Kulikuwa na gari jekundu lililokimbia kwenye barabara isiyoisha, na kazi yangu ilikuwa kuliendesha wakati baba anakagua picha. Taa za Temeke jioni zilikuwa kama kaa la mkaa. Viwanda vyote vilikuwa vinavuta, na kila nyumba inavuta. Picha ikatokea imesinyaa, ndogo, imezungukwa na mkanda mweusi pande zote, na gari langu likawa dogo kama mdudu.

"Hii picha nayo imefunga," baba akasema. Tulicheka. Akairudisha.

Akasikia habari za fundi Kasimu wa Keko, aliyezungusha transfoma kwa mkono nyuma ya karakana za maseremala. Tulimkuta amekaa juu ya gogo, waya wa shaba unang'aa magotini kwake kama nywele za mtu.

"Kwenu umeme mkubwa au mdogo?" akauliza, bila hata kutukaribisha.

"Mdogo, fundi! Taa ya kwetu, mpaka uwashe kibatari ndipo uione."

Fundi Kasimu akacheka mpaka akakohoa. "Haupandagi?"

"Mie nimekaa Temeke ujana wangu wote. Sijauona ukipanda."

"Basi nitakuzungushia ya kuunyanyua. Hata ukiwa mchovu, picha yako itajaa."

Hakumdanganya, na baba hakumdanganya yeye. Kila mmoja alisema anachokijua. Fundi akaizungusha, akaipaka vanishi, maseremala wakaiundia kasha la mabaki ya mninga. Baba aliinyanyua akakunja uso kwa uzito wake, akafurahi. Aliibeba begani kutoka Keko mpaka nyumbani akiwa na saumu, na kila aliyemuuliza alimpa aishike.

Jioni ile picha ilijaa kioo kizima. Gari likawa jekundu la kweli. Kuanzia hapo chumba cha mbele kikawa hakipitiki baada ya futari. Watoto walikaa sakafuni wanatoka jasho, wanabishana zamu. Baba alikuwa anaweka kiganja juu ya kasha la mninga kila baada ya muda, anatikisa kichwa. "Vuguvugu tu. Kama shavu la mtoto." Mama alipita na bakuli la uji, akasimama kuliangalia gari langu linavyokata kona, na nakumbuka alitabasamu. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayonisumbua kuliko zote.

"Idi hii, Mama Chiku," baba alimwambia, "nawasha asubuhi, nazima jioni. Watoto wote na sikukuu zao mkononi, waende wapi? Nitakununulia cherehani ya umeme."

"Haya," mama akasema.

Asubuhi ya Idi nilivaa gauni la mtumba. Lilikuwa zuri, la bluu, lakini kwenye kola lilikuwa na jina la mtoto wa kizungu limeandikwa kwa wino usiotoka, na siku nzima nililiinamisha shingo lisionekane. Mama alifukiza ubani. Alinipaka wanja. Akapanda kigoda, akaifungua taa kwa pindo la kanga, akashuka, akageukia mahali pa cherehani.

Palikuwa ukuta tu. Alisimama pale na taa mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa. Halafu akaenda kwenye debe la mchele, akaichimbia humo, akafunika. Mie nilikuwa mlangoni. Niliona kila kitu, na nilichofikiri ni kwamba sasa Idi imekamilika.

Baba akarudi kutoka kuswali na kanzu yake inanuka uturi. Nje watoto walikuwa wamejaa mpaka barabarani, nguo zinawakakamaa kwa upya. "Chiku," baba akaniita kwa sauti ya kusikiwa na wote, "binti yangu, fungua njia." Nikakaa mbele. Akawasha.

Sijawahi kuona rangi kama zile. Gari lilikuwa jekundu mpaka linauma macho, na barabara ilikuwa imemwagika nje ya kingo za kioo. "Duuu!" watoto wakapiga kelele. "Leo anko katuwekea mpya!" Baba alikuwa anacheka kwa meno yote. "Niliwaambia! Niliwaambia Idi hii!" Transfoma ilikuwa inavuma. Siku zote ilikuwa inanong'ona, leo inavuma kama mtu aliyebeba kitu kizito. Ikaja ile harufu tamu. Kwa dakika moja nilidhani ni ubani wa mama. Halafu picha ikawa mstari mmoja mweupe, kitu kikapasuka ndani ya televisheni, na moshi ukatoka juu ya ubao wa herufi, mwembamba, umenyooka.

Watoto walishangilia. Walidhani ni gemu.

Baba alirukia kasha la mninga kulichomoa, likamwunguza kiganja kile kile alichokuwa akilipimia joto. Alichomoa. Kisha mtoto mmoja, mdogo, akiwa na noti yake imekunjwa mkononi, akauliza, "Anko, na zamu yetu?" Mwenzake akamvuta: "Twende dukani kwa Mwarabu, kuna mashine nyingine." Wakaondoka kama maji yanavyoondoka, na chumba kikabaki na vumbi lao.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Umeme umeniua, Mama Chiku," baba akasema, ameshika mkono wake.

Mama akautazama moshi, akamtazama baba, akatazama juu, pale kwenye soketi tupu ya chumba cha ndani. "Njoo ule pilau," akasema. "Linapoa."

Sikukuu ilipokwisha, baba alikwenda kwa fundi Kasimu akiwa na hasira ya kuua. Fundi akafunga kazi, akaja naye nyumbani jioni, na taa iliyorudishwa ikawa inawaka kama kaa, vilevile kama siku zote. "Si uliniambia mdogo? Huu hapa, mdogo." "Ni mdogo!" baba akapiga kelele. "Nimesema sio?" Walitazamana, wote wawili wana haki. Baba akaishia kusema ni kijicho, kisha akasema ni mkosi wa Mussa. Wakatukanana uchochoroni mbele za watu. Mwaka haukuisha, akaenda kusini, machimboni, akarudi mara moja amekonda, kisha hakurudi.

Na mama akaenda kwa Bi Mgeni. Bi Mgeni hakuwa anajua kushona. Alitaka cherehani kama watu wanavyotaka kabati la vyombo. Akamwita mama akamshonee wateja. Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana na kumkuta amekaa kwenye cherehani yake mwenyewe, chini ya dirisha la mtu mwingine, mguu unakwenda.

"Shoga," Bi Mgeni alikuwa akisema mbele yangu, "hii mashine yangu inakuheshimu! Mie ikiniona inakata uzi makusudi."

"Inataka mafuta tu," mama alijibu.

Mwaka ule sare yangu ya shule ilipasuka mgongoni. Mama alikuwa akishona sare za watoto wa watu, mpaka vidole vinamganda, na yangu aliishika kwa pini. Sitaisingizia pini. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu nilikuwa siwezi tena kukaa mahali nikaambiwa jambo bila kuambiwa kwa nini. Nilibeba nyanya Tandale, nikalala kwa watu, nikakaa na mafundi redio nikiwashikia risasi ya kulehemu, na hao ndio walionivumilia na maswali yangu. Kwa mmoja wao, siku ya sikukuu, nikachomeka kipimo ukutani kwa mchezo tu, nikaona mshale unapanda, unapita pale nilipouzoea, unakwenda mwisho. Nikamwita fundi. Hakushtuka. "Si viwanda vimelala leo," akasema. "Umeme waliokuwa wanakunywa wote unatujia sie. Sikukuu usiwashe kitu cha maana."

Nilikaa chini sakafuni. Nilichokiona sio mshale. Niliona debe la mchele.

Ile nyepesi ya Kariakoo, iliyotupa picha ya kufunga, ingeimudu Idi. Gari langu lingekuwa la ukubwa wake wa kawaida, na watoto wangecheza mpaka jioni.

Ilinichukua miaka mingine kumuuliza mama. Alikuwa mzee, anashona vifungo kwa mkono, na transfoma lile, ambalo baba aliliacha, lilikuwa kando ya mlango wake.

"Mama, ile taa ulikuwa unaitoa Idi kwa nini?"

"Ilikuwa inalipuka. Kila sikukuu inalipuka. Nikachoka kununua."

"Kwa hiyo ulijua umeme wa sikukuu ni mkubwa."

"Mie najua taa. Nilikuwa chini yake mchana kutwa."

"Na walipokuwa wanachagua hili dude? Wakaulizana mpaka na muuza kahawa?"

Aliukata uzi kwa meno. "Chiku," akasema, "katika wote walioulizwa, ulinisikia mie?"

Sikuweza kuuliza lile lililobaki: kama asubuhi ile, amesimama na taa mkononi mahali ambapo cherehani haipo, alikumbuka chumba cha mbele au hakukumbuka. Nimeligeuza pande zote. Siku nyingine naona mwanamke aliyezoea taa, asiyejua kuwa televisheni nayo ni ndugu wa taa. Siku nyingine naona kitu kingine, na hapo huwa natoka nje nitembee. Yeye alinyoosha mguu, mguu ule ule wa cherehani, akalisukuma transfoma mpaka likakaa vizuri kwenye mlango, upepo usiufunge.

Jana Abuu alirudi. "Anti, umefikiri? Nzito au nyepesi?"

"Nyumbani kwenu," nikamuuliza, "mchana nani anakaa?"

"Mama. Kwani vipi?"

"Kamuulize kwanza umeme wenu unakuwaje. Saa zipi unashuka, siku gani unapanda, kitu gani kimewahi kuungua. Akishakwambia, njoo tuchague."

Alinitazama, akaangalia simu yake, akacheka kwa adabu.

"Mama hajui mambo ya kompyuta, anti," akasema, akaliruka dude mlangoni kwa uangalifu, akaenda zake.